Tarumbeta la Mwana katika Muziki wa Baba: Kisa cha Verneri Pohjola

Mwaka 2017 Verneri Pohjola, mpiga tarumbeta wa jazi na kiongozi wa bendi kutoka Ufini, alitoa albamu yenye jina fupi, Pekka. Hilo ni jina la baba yake mzazi, Pekka Pohjola, mpiga gitaa la besi na mtunzi aliyefariki tarehe 27 Novemba 2008 akiwa na umri wa miaka 56, na tungo zilizomo katika albamu hiyo ni za marehemu. Mtu akilitazama jambo hili kwa haraka ataona mtoto anayemkumbuka mzazi wake, na ataishia hapo. Kwa mwanamuziki wa jazi aliyekwisha kujijengea jina, hata hivyo, uamuzi wa namna hiyo una mitego mingi, na jinsi Pohjola alivyoivuka ndiko kunakofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa utulivu. Hoja yangu ni kwamba albamu hiyo ilifaulu kwa sababu ya mambo mawili yaliyotangulia kurekodiwa kwake: mwana alijitafutia kwanza sauti yake mwenyewe kwa zaidi ya muongo mmoja, na aliitafuta kwa ala ambayo kwa maumbile yake haikumpa nafasi ya kumwiga baba hata kama angetaka.

Ni lazima kuanza na baba, kwa kuwa uzito wa urithi haupimiki bila kujua kilichorithiwa. Pekka Pohjola alizaliwa Januari 1952 na alipata mafunzo ya muziki wa kiklasiki, hasa fidla na piano, kabla ya kuingia katika muziki wa roki. Mwaka 1970 alijiunga na Wigwam, bendi iliyokuwa mstari wa mbele wa roki ya Ufini yenye tungo ndefu na mipangilio migumu, akakaa nayo hadi mwaka 1974. Akiwa bado ndani ya bendi, na akiwa na umri wa miaka 20 tu, alitoa albamu yake ya kwanza, Pihkasilmä kaarnakorva, mwaka 1972. Miaka miwili baadaye ikafuata Harakka Bialoipokku, albamu nzima inayomfuata ndege mmoja wa jamii ya kunguru, tangu asubuhi yake ya kwanza hadi maisha yanapoendelea baada ya misukosuko. Humo Pekka aliwaalika wapulizaji saksafoni wa jazi wenye sifa kubwa nchini mwake, akiwemo Eero Koivistoinen na Pekka Pöyry, akachanganya pumzi zao na piano na besi yake mwenyewe. Kampuni ya Love Records iliitoa Ufini, na kampuni ya Virgin ikaitoa Uingereza. Albamu iliyofuata, Keesojen lehto ya mwaka 1977, ilimshirikisha Mwingereza Mike Oldfield, na mwaka 1979 Pekka alipiga besi katika bendi ya ziara ya Oldfield barani Ulaya.

Sifa ya muziki huo haikuwa kasi ya vidole, ingawa vidole vyake vilikuwa hodari. Ilikuwa usanifu. Pekka aliandika sehemu za ala kana kwamba anafuma mkeka, mstari wa besi ukipita chini ya mstari wa piano na kuibukia juu ya saksafoni, mapigo yakibadilika katikati ya safari, na karibu kila kitu kikiwa kimepangwa kabla ya mpigaji kuketi. Nafasi ya kubuni papo hapo ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo na ilikuwa imezungushiwa ua. Jambo hili litarudi baadaye, kwa sababu ndilo lililomletea mwana kazi ngumu kuliko zote.

Verneri alizaliwa Helsinki mwezi Desemba 1977, mwaka uleule wa Keesojen lehto. Nduguye Ilmari naye ni mwanamuziki, mpiga tromboni. Lakini Verneri alikulia katika Ufini tofauti na ile iliyomlea baba yake. Pekka alipokuwa kijana, mtu aliyetaka kujifunza muziki wa kiklasiki alikuwa na mlango wa kugonga. Aliyetaka kujifunza jazi au roki alijifunza kwa kupiga, kwa kusikiliza santuri, na kwa kukosea mbele ya wenzake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kugharamia shule za muziki kote nchini kwa mpango, na mtoto wa mji mdogo akapata mwalimu wa ala aliyesomea kazi yake. Mwaka 1972 ilianzishwa shule ya muziki wa jazi na pop katika kitongoji cha Oulunkylä mjini Helsinki. Mwaka 1975 ikaundwa UMO, okestra kubwa ya jazi ambayo baadaye ikawa ya kuajiri wanamuziki kwa mshahara. Mwaka 1983 Akademia ya Sibelius, chuo kikuu cha muziki chenye historia inayoanzia 1882, ikafungua idara ya jazi. Hivyo Verneri alipofikia umri wa chuo, jazi ilikuwa somo lenye mitaala, walimu na shahada, naye akapita katika mlango huo wa Akademia ya Sibelius.

Ninalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaozungumzia familia za wanamuziki huona damu na kusahau shule. Ukweli ni kwamba katika kisa hiki shule ilifanya kazi ambayo damu isingeweza kuifanya. Ilimpa Verneri walimu wasiokuwa baba yake, ikamkutanisha na vijana wa rika lake, na ikampa msamiati wa muziki ambao haukupitia nyumbani. Shule za jazi zina hatari yake, nayo ni kutoa wahitimu wanaosikika kama mtu mmoja aliyenakiliwa, na hatari hiyo si ndogo. Lakini mtoto wa mtunzi mashuhuri anakabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kusikika kama mzazi wake, na dhidi ya hiyo ya pili darasa ni kinga nzuri.

Kundi lililomtambulisha liliitwa Ilmiliekki Quartet, lililoanzishwa mwaka 2002: Verneri kwenye tarumbeta, Tuomo Prättälä kwenye piano, Antti Lötjönen kwenye besi na Olavi Louhivuori kwenye dramu. Albamu yao ya kwanza, March of the Alpha Males, ilitoka mwaka 2003 kupitia kampuni ya TUM ya Helsinki, na ya pili, Take It with Me, mwaka 2006. Ndani ya rekodi hizo tayari inasikika ile sauti ambayo leo inamtambulisha: tarumbeta linaloanza kama pumzi tupu, hewa ikivuja pembeni ya noti kabla noti yenyewe haijasimama, kisha ghafla linang'aa na kukata. Baada ya hapo zilikuja albamu kwa jina lake mwenyewe. Aurora ilitoka Ufini mwaka 2009 na kusambazwa kimataifa na kampuni ya ACT ya Ujerumani mwaka 2011. Ancient History ikafuata mwaka 2012, halafu Bullhorn mwaka 2015 kupitia kampuni ya Edition ya Uingereza.

Tazama sasa mpangilio wa miaka. Baba anafariki mwishoni mwa mwaka 2008. Mwaka unaofuata mwana anatoa albamu, nayo haina jina la baba usoni mwake. Anatoa nyingine, kisha nyingine. Karibu miaka tisa inapita kabla ya albamu iitwayo Pekka kutoka, na wakati huo Verneri anakaribia umri wa miaka 40, ana kampuni inayomsambaza nje ya nchi na ana wasikilizaji ambao wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Wigwam. Albamu ya kumbukumbu iliyotolewa mwaka 2009 ingepokelewa kwa huruma, na huruma ni mapokezi mabaya kwa mwanamuziki kwa kuwa inazima masikio. Msikilizaji anayemhurumia mpigaji hamuulizi kama amepiga vizuri. Kwa kungoja, iwe kwa hesabu au kwa sababu moyo haukuwa tayari, Verneri aliufanya muziki huo usikilizwe kama muziki.

Tatizo la kisanii lililomkabili lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni ule wa ala. Besi ya umeme ya kawaida ina nyuzi nne, na uzi wake mnene kabisa hutoa noti ya E yenye mitetemo ipatayo 41 kwa sekunde. Tarumbeta la kawaida la Bb, likipulizwa kwa vifungo vyake vyote vitatu vikiwa vimebonyezwa, hushuka hadi E nyingine yenye mitetemo ipatayo 165 kwa sekunde, na chini ya hapo halina noti ya kawaida. Hizo ni okteva mbili kamili, yaani idadi ya mitetemo imeongezeka maradufu mara mbili. Sakafu ya ala ya mwana iko juu ya sakafu ya ala ya baba kwa kimo kizima cha sauti ya mwimbaji. Tena, mpiga besi akitaka kuendeleza mstari kwa dakika nzima bila kusita anaweza, kwa kuwa vidole havihitaji kuvuta hewa. Mpiga tarumbeta lazima apumue, na kila anapopumua sentensi inakatika mahali fulani. Piano, ala ya pili ya Pekka, inaweza kutoa sauti kumi kwa mkupuo mmoja. Tarumbeta hutoa moja.

Maana yake ni kwamba hakuna mstari hata mmoja wa Pekka ambao Verneri angeweza kuuchukua kama ulivyo na kuupiga. Kila kitu kilihitaji kuamuliwa upya: ni sauti ipi kati ya zile zilizofumwa itapewa tarumbeta, ipumue wapi, ipandishwe kiasi gani, na zile nyingine zigawiwe nani. Hapa ndipo ninapoona bahati ya kisa hiki. Laiti Verneri angekuwa mpiga besi, kila msikilizaji wa Helsinki angempima kidole kwa kidole dhidi ya baba. Tarumbeta lilimlazimisha atafsiri, na anayetafsiri analazimika kuelewa kabla ya kusema.

Upande wa pili ulikuwa wa muundo. Kama nilivyosema, tungo za Pekka zilikuwa zimepangwa karibu kila kona, ilhali jazi ya Verneri inaishi kwa nafasi tupu ambamo wapigaji husikilizana na kuamua papo hapo. Ukizipiga tungo hizo kama zilivyoandikwa, unakuwa na bendi ya jazi inayoigiza roki ya miaka ya 1970. Ukizifungua kupita kiasi, zinabaki jina tu. Njia aliyoifuata Verneri, kwa jinsi inavyosikika, ni kushika kiini cha wimbo, ile sauti ya juu ambayo mtu angeweza kuiimba njiani, pamoja na mwendo wa besi unaoibeba, na kuacha sehemu kubwa ya ufumaji wa katikati idondoke. Mahali palipoachwa wazi pakawa uwanja wa bendi.

Mfano mzuri ni tungo mbili zinazotoka Harakka Bialoipokku, yaani Ensimmäinen aamu, asubuhi ya kwanza ya yule ndege, na Sekoilu seestyy, sehemu ambamo vurugu inatulia. Hiyo ya pili ilikwisha kusafiri mbali kabla mwana hajaigusa, kwa kuwa mwaka 1996 mtayarishaji wa Marekani DJ Shadow alichukua kipande cha piano kutoka humo na kukitumia katika kazi yake iliyosikika duniani kote. Vijana wengi wa mabara mengine waliupenda ule mnyororo mfupi wa noti za huzuni bila kujua kwamba uliandikwa na Mfini wa miaka 22. Kwa hiyo Verneri alikuwa akishika kitu chenye wamiliki wa aina mbili masikioni: Wafini waliokikumbuka kizima, na wengine waliokijua kikizunguka kama kitanzi. Yeye hakufuata kumbukumbu ya upande wowote. Aliuchukua wimbo kama hatua ya kuondokea, akaupa tarumbeta lenye hewa nyingi na muda wa kutosha wa kusitasita, na utulivu uliotajwa katika jina ukachukua nafasi kubwa kuliko ule uliokuwa nao katika santuri ya mwaka 1974.

Hapa ni haki kuzungumzia uongozi wa bendi, maana tarumbeta peke yake lisingefika popote. Verneri aliwakusanya Pauli Lyytinen kwenye saksafoni, Teemu Viinikainen kwenye gitaa, Tuomo Prättälä kwenye piano ya umeme aina ya Fender Rhodes, Antti Lötjönen kwenye besi na Mika Kallio kwenye dramu. Wawili kati yao, Prättälä na Lötjönen, alikuwa nao tangu Ilmiliekki, na hilo si jambo dogo. Kiongozi anayekwenda mahali pagumu huwahitaji watu wanaomjua kiasi cha kunyamaza wakati unaofaa. Uteuzi wa Rhodes na gitaa la umeme nao ulikuwa na maana, kwa kuwa ulizirudisha tungo katika hewa ya mwanzo wa miaka ya 1970 bila kuzirudisha katika roki: kinachosikika kiko karibu zaidi na jazi ya umeme ya kipindi hicho, yenye giza, mawimbi marefu na mdundo unaojikusanya polepole.

Mtu aliyebebeshwa mzigo mzito kuliko wote katika kikosi hicho, kwa maoni yangu, alikuwa Lötjönen. Tarumbeta lilimkinga Verneri dhidi ya ulinganisho. Lötjönen hakuwa na kinga hiyo. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa Pekka, akishika ala ya Pekka katika muziki wa Pekka, pembeni ya mtoto wa Pekka. Ninapoisikiliza albamu hiyo ninaisikiliza kwanza kwa sababu yake: namna anavyokataa kuonyesha ufundi mahali ambapo msikilizaji anautarajia, akabaki mshikiliaji wa mlingoti. Kiongozi asiyejiamini angemwomba aige, na angepata makofi mengi jukwaani Helsinki. Kwamba hakufanya hivyo kunaniambia zaidi kuhusu Verneri kama kiongozi wa bendi kuliko solo yoyote ya tarumbeta katika rekodi hiyo.

Yapo mashaka, na sitaki kuyapita kimya. Anayezipenda albamu za Pekka kwa ajili ya ule ufumaji wake atahisi kwamba kitu kimepotea, na atakuwa na haki. Mzaha uliokuwamo katika muziki wa baba, ile tabia yake ya kugeuka ghafla na kukimbia upande usiotarajiwa, umepungua sana mikononi mwa mwana, ambaye hulka yake ya kimuziki ni ya mtu anayetafakari. Vipo pia vipande ambavyo urefu wake unategemea mno mazingira ya sauti na kidogo mno wazo lenyewe. Ninaamini hasara hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu rekodi za asili zipo na zinapatikana, na yeyote anayeutaka ufumaji anaweza kuufuata huko. Lakini ulazima hauifanyi isiwe hasara, na mchambuzi anayemsifu mwana hana sababu ya kumpunguza baba ili sifa zitoshe.

Kipimo kingine cha kisa hiki kipo katika yaliyofuata. Albamu ya mwana iitwayo Pekka ilipokewa vizuri nje ya Ufini, na ingekuwa rahisi kutoa juzuu ya pili, kwa kuwa Pekka aliacha tungo nyingi, kuanzia albamu zake za roki hadi simfoni. Verneri hakuigeuza kumbukumbu hiyo kuwa biashara. Mwaka 2018 alitoa Animal Image, kazi ya watu wawili tu, yeye na Mika Kallio, iliyofungamana na filamu ya msanii Perttu Saksa kuhusu wanyama na binadamu. Mwaka 2019 Ilmiliekki Quartet ilirejea kurekodi baada ya ukimya mrefu, safari hii na kampuni ya We Jazz ya Helsinki. Mwaka 2020 ikatoka The Dead Don't Dream. Mwaka 2023 ikatoka Monkey Mind, ambayo ndani yake anaongoza kundi la kimataifa lenye Mwingereza Kit Downes kwenye piano, Jasper Høiby wa Denmark kwenye besi, na Louhivuori, rafiki wa tangu 2002, kwenye dramu.

Kwa msikilizaji anayekutana na jina la Pohjola kwa mara ya kwanza, ningependekeza asianze na albamu ya mwaka 2017. Aanze na Harakka Bialoipokku, aisikilize nzima mara mbili ili yule ndege amkae kichwani. Kisha asikilize Bullhorn, ambamo mwana amesimama kwa miguu yake na hana deni kwa mtu. Masikio yakishawazoea wote wawili kila mmoja kwa upande wake, ndipo afungue Pekka, na atafute katika Ensimmäinen aamu ile sekunde ambapo tarumbeta linapumua mahali ambapo piano ya mwaka 1974 haikuhitaji kupumua.